Tovuti inapita mtihani wa krola, msomaji asiyeona anakwama

Novemba 2024, kampuni ya Uingereza ya Screaming Frog ilitoa toleo la 21 la SEO Spider, krola inayofahamika kwa karibu kila anayefanya SEO, kazi ya kuzipandisha tovuti kwenye matokeo ya utafutaji, kwa riziki. Krola huanzia ukurasa wa mwanzo wa tovuti, hufuata viungo vyote kama zifanyavyo roboti za Google, kisha humletea mwenye tovuti orodha ya kasoro: viungo vilivyokufa, kurasa zenye vichwa vinavyofanana, picha nzito. Katika toleo hilo yaliongezwa mambo mawili yanayostahili kutazamwa pamoja. La kwanza ni ukaguzi wa ufikivu, yaani iwapo mtu asiyeona, mwenye uoni hafifu au asiyeweza kushika kipanya ataweza kuitumia tovuti. Ukaguzi huo unategemea kanuni za axe, programu ya kukagua ufikivu ya kampuni ya Deque. La pili ni kuunganishwa moja kwa moja na akili mnemba, zikiwemo za OpenAI na Google, ambazo zinaweza kupewa kazi ya kuandika maelezo ya picha zisizo na maelezo.

Wako wanaoshangilia ndoa hii ya SEO na ufikivu, na wako wanaoiona imemfanya mlemavu kuwa mgeni mwalikwa kwenye karamu ya Google. Mimi naegemea kwa wanaoshangilia, ila kuna sehemu moja ambapo hoja yao inavunjika kabisa, na sehemu hiyo inatugusa sisi tunaoandika Kiswahili kuliko inavyomgusa Mwingereza.

Hoja yao kubwa ni fedha. SEO ina bajeti kwa sababu inaleta wateja. Ufikivu, kwa makampuni mengi, hauna bajeti wala mtu wa kuusimamia. Ukiuweka ndani ya ripoti ambayo meneja wa masoko anaifungua kila mwezi, utasomwa. Tena mambo mengi ni yaleyale: vichwa vya habari vilivyopangwa kwa ngazi, viungo vinavyosema vinakokwenda badala ya “bofya hapa”, maandishi mbadala ya picha, yaani maelezo yaliyofichwa nyuma ya picha. Roboti haioni picha kama binadamu, na kisoma skrini, programu inayomsomea kwa sauti mtu asiyeona, hakiwezi kumsomea mtumiaji kitu ambacho hakijaandikwa.

Kuna na ukubwa wa tatizo lenyewe. Shirika la WebAIM la Marekani hukagua kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja. Mwaka 2025, asilimia 94.8 zilikutwa na makosa ambayo mashine inaweza kuyagundua, na yanayoongoza mwaka baada ya mwaka ni yaleyale: maandishi yenye rangi hafifu juu ya mandharinyuma, picha zisizo na maelezo, fomu ambazo visanduku vyake havina lebo, viungo vitupu. Anayesema mashine haioni makosa ya ndani zaidi anasema kweli, lakini hata haya ya juujuu bado hatujayamaliza.

Upande wa pili nao una ushahidi. Mwaka 2017 idara ya huduma za kidijitali ya serikali ya Uingereza, GDS, ilitengeneza kwa makusudi ukurasa wenye vikwazo 142, kisha ikaupitisha kwenye zana kumi za ukaguzi. Asilimia 29 ya vikwazo havikuonwa na zana hata moja, na zana iliyofanya vizuri zaidi ilikamata takriban asilimia 40 tu. Deque wenyewe walikuja baadaye na hesabu kwamba mashine hukamata asilimia 57 ya makosa, ila wao walihesabu kila tukio la kosa, na makosa ya rangi hujirudia mara nyingi mno. Mwaka 2019 mtaalamu wa tovuti Manuel Matuzović alikwenda mbali zaidi: alijenga ukurasa ambao karibu hakuna mtu angeweza kuutumia, nao ukapata alama 100 kati ya 100 za ufikivu kwenye Lighthouse, zana ya Google inayotumia axe hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye lugha. Kila ukurasa wa HTML, lugha ya msimbo inayojenga kurasa za tovuti, unatakiwa utaje lugha yake kwa tagi ndogo ya lang: “sw” kwa Kiswahili, “en” kwa Kiingereza. Mwenye macho haioni popote. Kisoma skrini kama NVDA huisoma, na kwa tagi hiyo huchagua kanuni za matamshi. Sauti ya eSpeak NG inayokuja na NVDA inajua Kiswahili, si nzuri kama ya mtangazaji lakini inaeleweka. Tatizo ni kwamba mtu akisakinisha WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, kwa Kiingereza, kisha akaandika makala zake zote kwa Kiswahili bila kugusa mpangilio wa lugha, tagi hubaki “en-US”. “Jina” linaweza kutoka “jaina”, na aya nzima ikageuka kelele.

Axe itasema nini? Itasema safi. Kanuni zake zinauliza kama tagi ipo na kama thamani yake ni msimbo halali wa lugha. Ipo, na ni halali. Kwamba maandishi yaliyo chini yake ni Kiswahili kitupu, hilo haliulizwi. Na Google je? Google imeeleza wazi katika miongozo yake kwamba hutambua lugha ya ukurasa kwa maandishi yanayoonekana, si kwa tagi ya lang. Maana yake tovuti hii inaweza kushika nafasi ya kwanza kwenye utafutaji, ikapata alama kamili za zana, na msomaji asiyeona asiambulie sentensi moja. Hakuna anayepoteza mteja, kwa hiyo hakuna anayetumwa kurekebisha.

Hapa ndipo usemi kwamba “kinachomfaa Google kinamfaa kila mtu” unapokwama. Cha ajabu, marekebisho yake ni rahisi. Krola tayari imeshasoma maneno yote ya tovuti. Programu za kutambua lugha, kama CLD3 ya Google ambayo inakitambua Kiswahili, ni huria na nyepesi. Kulinganisha lugha ya tagi na lugha ya maandishi, kisha kuweka onyo, si kazi ya utafiti. Kama ningeulizwa boresho moja la kwanza, ningechukua hilo kabla ya akili mnemba.

Na hiyo akili mnemba sina ugomvi nayo, alimradi mtu asome kabla ya kuchapisha. Picha ya waziri akizindua kisima inaweza kurudi na maelezo “wanaume watatu wamesimama karibu na bomba”. Si uongo, ila habari yenyewe imeachwa nje. Kosa linalonitia wasiwasi zaidi ni la zamani: watu wa SEO kujaza maandishi mbadala kwa maneno ya kutafutwa, “safari nafuu Serengeti hoteli bora Serengeti”, na krola ikahesabu picha ile kuwa imekamilika.

Gharama nayo haikosi. SEO Spider ya bure inaishia anwani 500, na ukaguzi wa ufikivu unahitaji kuendesha JavaScript (programu ndogo zilizo ndani) ya kila ukurasa, jambo lililo kwenye leseni ya kulipia. Gazeti dogo au halmashauri inaweza kutumia axe au Lighthouse bure, ukurasa mmoja mmoja, ikianza na fomu.

Ninachowadai watengenezaji wa krola ni kingine. Axe hurudisha majibu ya aina kadhaa, na mojawapo ni yale ambayo mashine haikuweza kuamua, yanayosubiri jicho la mtu. Ripoti nyingi za wateja huyaficha nyuma ya alama moja ya kijani ya jumla. Yawekwe ukurasa wa kwanza, juu ya alama, pamoja na jina la mfanyakazi aliyepewa kuyapitia.