Siku Niliyoondoa Tabu Zote

Ukibonyeza kitufe cha Tab ndani ya faili inaingia herufi ya nafasi ambayo sisi waandika programu tunaiita tabu. Aliyelitohoa jina hilo alikuwa ameona mbali.

Ofisini nilikabidhiwa dogo wa fildi, nami nikaamua kumvimbia. "Usiwe mtu wa kukimbilia Google kila saa," nikamwambia. "Vim, programu hii ya kuhariri maandishi, ina msaada wake humuhumu ndani. Andika :help na jambo lako, basi." Ili anione mtu mzito, nikajigeuza root, mtumiaji mwenye mamlaka yote ya kompyuta, nikaingia /usr/share/vim/vim91/doc kumwonyesha faili zenyewe zinakolala. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Dirisha la pili lilikuwa na kazi yangu: faili za mipangilio za YAML, ambazo mstari ukianza na tabu zinagoma. Nikaandika amri ya sed igeuze kila tabu kuwa nafasi nne, faili zote kwa mkupuo. Nikabonyeza Enter kwa madaha. Dirisha silo.

Dogo, mtoto mtiifu, akajaribu :help. Ikatoka E431.

"Kaka, kosa la E431 ndiyo nini?"

"Uliza msaada. Andika :help E431."

Akaandika. Ikatoka E431.

Jasho likaanza kunitoka na feni inazunguka. Unajua, faharisi ya msaada wa Vim ni faili moja iitwayo tags. Kila mstari una jina la mada, faili iliyomo, na namna ya kuitafuta, na vyote vitatu vinatenganishwa na tabu. Nilikuwa nimezifyeka zote, kwa mamlaka ya root.

Si neno, nitazirudisha. Ila vidole vilikuwa vinatetemeka, na badala ya kugeuza nafasi nne kuwa tabu, nikageuza nafasi mojamoja. Nikafungua uganda.txt nione hali. Ndiyo, Vim ina ukurasa wa Uganda: Bram Moolenaar aliyeianzisha alijitolea kule Kibaale mwaka 1994, na tangu hapo akawa anawaomba watumiaji wake wachangie watoto wa huko. Ukurasa unasema Kibaale iko karibu na Tanzania. Kwenye kompyuta yangu haikuwa karibu tena. Maneno yalikuwa yametawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe, na Tanzania imehamia ng'ambo ya skrini.

"Kaka, samahani, naomba nikae hapo kidogo."

Nikampisha. Akaandika apt install --reinstall vim-runtime, amri ya kusakinisha upya faili za Vim, akakunja mikono. Kabla sijamaliza kueleza kwamba lile lilikuwa jaribio, kila kitu kimerudi.

Kumbe hajamaliza. Akateremka hadi mwisho wa faili mojawapo.

"Na hii noet iliyoandikwa hapa chini ni nini?"

Nilikuwa naijua fika. Nikajifanya natafuta chaja.

"Si uulize msaada?"

Akaandika :help noet. Safari hii msaada ukafunguka bila kinyongo. Akasoma kimya, akapanda juu kidogo, akasoma tena, halafu akanigeukia polepole.

"Kaka, kumbe chini ya kila faili walikuandikia kabisa: tabu zisigeuzwe nafasi."