Flagyl, panya na sentensi ya pili

Karatasi ya maelezo ya metronidazole iliyoidhinishwa Marekani ina onyo ndani ya kisanduku lenye sentensi mbili nzito: dawa hii imesababisha saratani kwa panya, isitumiwe pasipo ulazima. Ndiyo hiyo hiyo Flagyl ambayo kwetu mtu huinunua duka la dawa tumbo likianza tu kusokota.

Wasiotishwa na panya wana hoja. Panya wale walipewa dawa muda mrefu wa maisha yao, mgonjwa wa amiba huimeza siku chache. Hamsta, wanyama wa jamii ya panya, nao walipewa maisha yao yote katika majaribio mawili, wasipate uvimbe. Mwaka 1979 watafiti wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, walichapisha habari za wanawake 771 waliowahi kutibiwa nayo: kwa jumla saratani haikuongezeka. Ya mapafu ilizidi iliyotarajiwa, wagonjwa wanne, na wote walikuwa wavutaji sigara.

Hata hivyo, hoja ya "muda mrefu" ina tundu. Jaribio mojawapo liliwapa panya dawa wiki moja kati ya nne, na bado uvimbe wa mapafu ukatokea. Tena, dawa yenyewe huua vijidudu kwa kuharibu DNA yao, pale penye uhaba wa oksijeni. Kwa hiyo kuishuku si woga. IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, limeiweka kundi 2B, la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. WHO hiyo hiyo imeiorodhesha miongoni mwa dawa muhimu!

Sioni mgongano hapo. Jipu la ini linalotokana na amiba huua, na hatari ya saratani kwa binadamu haijathibitishwa. Aliyeandikiwa na daktari ameze, tena amalize dozi. Mimi nabishana na wanaoishia sentensi ya kwanza ya lile onyo, wasifike ya pili: isitumiwe pasipo ulazima. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku dawa hii kwa mifugo ya chakula mwaka 1998, huku hospitali zikiendelea kuitumia; mla nyama hafaidiki chochote na mabaki yake. Na mtu mwenye kuhara kwa virusi, anayejinunulia vidonge kumi bila kupimwa choo, yuko pamoja na huyo mla nyama, isipokuwa yeye amelipia.