Kiti cha magurudumu kabla miguu haijagoma

Mzazi wa kijana mwenye Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli polepole, akishauriwa kununua kiti cha magurudumu wakati mwanawe bado anatembea, mara nyingi hukataa. Ana sababu. Kusimama na kutembea huisaidia mifupa, ambayo dawa za steroidi anazopewa kwa ugonjwa huo tayari huidhoofisha. Anayeketi kutwa nzima hukakamaa nyonga, magoti na vifundo vya miguu, na uti wa mgongo huelekea kupinda zaidi baada ya kuacha kutembea.

Hofu hiyo hudhani kiti kinakuja kuchukua nafasi ya miguu. Sivyo. Misuli ya mwenye Duchenne, isiyo na distrofini, protini inayoikinga misuli, huumia inapofanya kazi, hasa inaporefuka huku imebeba uzito, kama wakati wa kushuka ngazi. Ndiyo maana kushuka huweza kuidhuru kuliko kupanda, ingawa kupanda ndiko kunakoonekana kugumu. Sasa mfikirie kijana anayekwenda kwa miguu kwenye mazoezi ya kwaya. Nguvu zake zinaishia njiani. Akifika anaketi pembeni, wenzake wanadhani hapendi kuimba, na wiki ya tatu haji tena. Hapo kutembea kumemlinda dhidi ya nini? Angesukumwa hadi mlangoni, angekuwa na miguu ya kusimamia nyimbo mbili. Kunyoosha viungo kila siku na kusimama kwa vipindi nyumbani kunaendelea vilevile.

Kiti chenyewe, lakini, kisiwe cha kuazima ovyo. Kikiwa kipana kuliko nyonga, kijana huegemea upande mmoja, na hapo hofu ya mgongo inakuwa ya kweli. Nyayo zikae bapa, zisining'inie. Mkanda ufungwe, maana anguko dogo kutoka kitini linaweza kuvunja paja.

Ukumbi nao una hesabu zake. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji njia ya mteremko ya sentimita 180, yaani 1 kwa 12. Ubao wa sentimita 60 watu huuweka kwa nia njema, na kiti hubinuka kinyumenyume. Kiti cha mota mara nyingi huzidi kilo 100, basi kisibebwe na vijana wanne wa kujitolea. Kijana mwenyewe asinyanyuliwe kwa kushikwa makwapani, kwani misuli ya mabega yake haiwezi kumzuia asiteleze. Na akikojoa mkojo wa rangi ya kahawia baada ya shughuli, amezidisha, amwone daktari.

Mchezo pia upo. Mpira wa miguu wa viti vya mota huchezwa na wanne kila upande, kwa mpira wa kipenyo cha sentimita 33. Boccia, mchezo wa kurusha mipira ikaribie mpira mweupe wa shabaha, ina daraja la BC4 ambamo wenye maradhi haya hushindana.

Kabla ya kutoka nyumbani, kijana aulizwe miguu aitumie wapi leo. Wengine husukumwa njia nzima ili waingie mlangoni wakitembea, wenzao wakiwaona. Wengine huitunza kwa ajili ya picha ya pamoja mwishoni.