Msiba wa Baba Mdogo

Naongoza tamthilia za runinga mwaka wa 11 sasa, na bado nikifika lokesheni watu humsalimia kwanza kijana wa taa. "Habari za kazi, dairekta?" Naye anaitikia, mshenzi.

Siku hiyo tulikuwa Mbagala, nyumbani kwa mama yangu mdogo. Nyumba ya kukodi ingemeza bajeti ya siku nzima. Mama mdogo alitaka tupike pilau tu, naye ale. Sini ilikuwa ya msiba. Tukafunga turubai, tukapanga viti vya wanaume nje, tukatandika mikeka ya wanawake ndani. Ekstra niliowalipa walikuwa 12, wakalia kilio cha watu wanaongoja nauli.

Kumbe picha ya marehemu imesahaulika ofisini. Kijana wa sanaa hakutaka kunisumbua. Akapanda kiti, akashusha ukutani picha ya baba mdogo, akaifunga utepe mweusi na kuiweka barazani. Baba mdogo ni dereva wa malori. Saa hiyo alikuwa Tunduma, kwenye foleni ya kuvuka kwenda Zambia, mzima wa afya, anatafuna mihogo. Mama mdogo naye alikwenda Rangi Tatu kununua viungo, simu kaiacha kwenye chaji.

Mara nikasikia uchungu wa kweli. Kwenye monita namwona mama mmoja nisiyemlipa hata senti, kakumbatia nguzo ya turubai, anamwita baba mdogo kwa jina lake la utani. Nyuma yake wanaingia wengine na kanga zao, masufuria vichwani.

Nilipaswa kusema "kati", kamera isimame. Sikusema. Nakiri si uungwana, lakini miaka 11 natafuta kilio kama kile! Nikamnong'oneza mpiga picha: "Sogea karibu."

Nilipojitosa kuwaeleza, bibi mmoja akanikatiza.

"Wewe binti, umesimama tu na vitunguu havijamenywa?"

"Bibi, mimi ndiye dairekta."

"Haya, dairekta, menya."

Nikamenya. Unabishanaje na bibi mwenye kisu? Machozi yakanitoka, wakaanza kunipa pole.

Huku nje mjumbe kafika, kamwendea nani? Kijana wa taa. "Kibali kipo?" Kijana akajibu kipo, akatoa kibali chetu cha Bodi ya Filamu. Mjumbe akavaa miwani, akasoma mpaka muhuri.

"Siku hizi kuzika mnaombea kibali Bodi ya Filamu?"

Sikuwahi kucheka, maana bajaji ilisimama getini na mama mdogo akashuka na kikapu chake. Akaona turubai, hilo alilijua. Akaona umati. Akaona picha ya mumewe na utepe. Bizari ikamwagika mchangani, na ukelele alioupiga sitausahau. Hapo ndipo niliposema "kati", tena mara tano, kisu mkononi.

Simu yangu ikaita. Baba mdogo. Dereva mwenzake alishamfikishia habari.

"Mwanangu, nasikia nimekufa. Mnanizika huko au niwasubiri huku?"

Nikaweka spika. Uwanja ukanyamaza, kisha yule mama wa nguzo akaanza kucheka, wakafuata wote, isipokuwa mama mdogo, ambaye alinisemesha tena baada ya wiki mbili. Watu hawakuondoka. Pilau ilishaiva, na vitunguu ni vyangu.

Rambirambi ilikuwa shilingi 214,500, imeandikwa jina kwa jina kwenye daftari. Nikasimama kuzirudisha, wazee wakagoma: hela ya msiba hairudi mfukoni, ni mkosi. Nikamkabidhi mama mdogo.

Baba mdogo aliporudi safari hakuuliza habari ya tamthilia wala fedha. Aliomba daftari. Akavuta kiti barazani, akawa anasoma polepole, anatikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka alipofika kwa jirani yake wa ukuta mmoja, mwenye deni lake la 40,000 tangu mwaka juzi. Alitoa 500.

Mpaka leo jirani huyo akimsalimia, baba mdogo haitikii.