Nyumba ya Liebermann huku Berlin, na ile ya Murumbi kwetu

Watu wa nyumbani wanadhani wazungu walizaliwa wakijua kutunza vitu vya zamani, mimi naishi huku Berlin na nawaambia si kweli. Kuna nyumba iko Wannsee, kando ya ziwa kabisa, mchoraji Max Liebermann alijijengea mwaka 1909, leo watu wanalipa kiingilio kwenda kuona picha zake mle ndani. Kabla ya hapo imepitia mengi jameni. Liebermann alikuwa Myahudi, alikufa 1935, halafu 1940 Wanazi wakamlazimisha mjane wake Martha auze, na 1943 alipojua anakuja kuchukuliwa kupelekwa kambini akajiua. Baada ya vita ikafanywa hospitali, baadaye jiji likaikodisha kwa klabu ya wapiga mbizi, ndio, wapiga mbizi, nyumbani kwa mchoraji.

Walioiokoa ni raia tu. Walianzisha chama 1995, wakasumbua wakubwa, wakachangisha pesa mpaka milango ikafunguliwa 2006, na mpaka leo kazi nyingi pale ni za kujitolea, utakuta kina mama wazee wameinama wanapalilia kabichi, maana Liebermann alichora ile bustani yake mara zaidi ya 200 na wao wameirudisha vile ilivyo kwenye picha, hadi kabichi zenyewe.

Sasa kwetu Kenya. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais, alikuwa na nyumba Muthaiga, Nairobi, imejaa vitabu na sanaa za Afrika nzima. Akaiuzia serikali igeuzwe kituo cha masomo ya Afrika, serikali ikaiacha ikachakaa, mwisho ikabomolewa. Inaniuma sana hiyo. Vitu vyake vimebaki, viko Kenya National Archives na Nairobi Gallery, ile iliyokuwa ofisi ya PC (mkuu wa mkoa), jengo la 1913, nendeni mkaone, lakini nyumba ndio haipo tena.

Mimi sikubali ati shida yetu ni umaskini, Muthaiga si mtaa wa maskini. Shida ni kwamba Murumbi alikabidhi serikali peke yake na nyuma yake hakukuwa na kundi la watu wa kuifuata kila wiki, kuuliza mabati, kuuliza funguo ziko kwa nani. Na nyumba za namna hiyo bado ziko, Nairobi, Mombasa, Lamu. Kama kuna kikundi kinapigania hata moja nitumieni namba ya paybill hapa chini, na sisi wa huku tuchange kila mwezi.