Wapangaji sita, mita moja: nani aongee na mwenye nyumba?

Mwenye nyumba akisikia wapangaji wake wamekaa kikao, wazo la kwanza linalomjia ni kwamba wanataka kumgomea kodi. Katika kata za Tabora, hofu hiyo ipo Ng'ambo, ipo Isevya, ipo Chemchem, na wapangaji wenyewe wameichochea kwa kiasi fulani, maana kikao cha kwanza huitwa siku choo kimejaa au uniti zimekata usiku, watu wakiwa na hasira tayari. Ndiyo maana swali la kama wapangaji wa nyumba moja wawe na umoja na msemaji wao huishia kwenye lawama. Kazi yenyewe ya umoja, ambayo kwa sehemu kubwa ni kuhesabu na kuandika, haizungumzwi.

Mwenye nyumba ana hoja zake, na nyingine ni nzito. Wengi ni wastaafu na wajane waliojenga chumba baada ya chumba, na kodi ya miezi sita ndiyo inayolipa ada ya mtoto na bati za chumba kinachofuata. Mpangaji anaweza kuhama usiku akaacha deni la maji, nyumba haihami. Wapo pia wasemaji wa wapangaji waliogeuka wenye nyumba wa pili: wanakusanya hela ya umeme, chenji hairudi, wanaamua nani asipikie uani. Tena mikataba ya miezi sita ni mifupi, kwa hiyo umoja unaweza kufa kabla haujashika. Mtu anayesema "nitaongea na kila mpangaji peke yake" hasemi hivyo kwa ubaya tu.

Lakini kuongea na mmoja mmoja kuna gharama ambayo hakuna anayeiandika popote, na inaonekana vizuri zaidi kwenye mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla.

Chukua nyumba ya vyumba sita yenye mita moja. Vyumba vinne havina friji. Kila kimoja kina taa mbili za wati 9, runinga ndogo, chaji ya simu na pasi ya mara mojamoja. Kwa mwezi kinatumia kama uniti 15. Vyumba viwili vina friji. Friji ndogo iliyochakaa inakula uniti moja na nusu kwa siku, yaani 45 kwa mwezi, hivyo kila chumba cha namna hiyo kinafika 60. Jumla ya nyumba ni uniti 180.

Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi yuko kundi la D1 na analipa shilingi 100 kwa uniti. Anayezidi yuko T1, shilingi 292. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, inakuwa shilingi 122 kwa mmoja na 356.24 kwa mwingine. Katika nyumba yetu hakuna chumba hata kimoja kinachofika uniti 75. Mita moja ndiyo inayowajumlisha wote na kuwapandisha T1. Wanalipa 64,123 kwa mwezi. Wakigawana sawa, kila chumba kinatoa 10,687. Mama wa taa mbili na runinga, ambaye kwa mita yake angelipa 1,830, anatoa 10,687. Mwenye friji, anayenuniwa kila mwisho wa mwezi kwamba anawanyonya wenzake, angelipa 7,320. Naye anaumia! Ugomvi wote wa friji ni wa watu wanaopigwa pamoja na mita ileile.

Dawa inayotajwa haraka ni vimita vidogo vya ndani, kimoja kila chumba. Vinasaidia haki, kwa sababu kila mtu anajua alichotumia, lakini bei ya uniti inabaki ya T1. Mwenye friji atapanda hadi 21,374, na hapo ndipo kimita kinapochezewa waya usiku.

Kinachobadilisha bei ni mita za shirika la umeme, TANESCO, zenyewe, na si lazima ziwe sita. Ziwe tatu tu: kila chumba chenye friji na mita yake, na vyumba vinne vilivyobaki mita moja. Kila mita inabeba uniti 60. Malipo ya nyumba nzima yanashuka hadi 21,960, na kinachookolewa ni 42,163 kwa mwezi, zaidi ya laki tano kwa mwaka. Kuunganishiwa mita moja ya njia moja (single phase) mjini, pasipohitaji nguzo, kuliwekwa shilingi 320,960. Mbili ni 641,920, na zinarudi ndani ya miezi 15 hivi, bila kuhesabu fundi wa kutenganisha waya, kwani kila mita inataka njia yake, swichi kuu yake na waya wa ardhi ulio salama. Mwenye mita asidhani D1 inakuja yenyewe. Aombe TANESCO na aonyeshe matumizi yake ya miezi kadhaa. Mwezi mmoja wa kuchemshia maji kwa hita na uniti zilizopita 75 zinatozwa shilingi 350 kila moja, juu kuliko T1.

Sasa ni mpangaji gani wa mkataba wa miezi sita atakayeweka fedha kwenye kitu kinachorudi kwa miezi 15? Hayupo. Na mwenye nyumba naye hana haraka, kwa kuwa bili ya umeme haimgusi. Kila mmoja akihesabu peke yake anaona sawa kuacha mambo yalivyo, na nyumba inaendelea kupoteza 42,163 kila mwezi. Umoja ndio wenye umri mrefu kuliko mkataba wa mtu mmoja. Hapo ndipo wanaouona kama genge la kudai wanapokosea.

Kodi ya jengo nayo iko kwenye LUKU hiyohiyo. Ilianza kukatwa humo mwaka 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda kuwa 1,500 mwaka 2023. Ni kodi ya mwenye jengo, ila inamkata anayenunua uniti wa kwanza mwezi ukianza. Kwa mwaka ni 18,000. Kiasi ni kidogo, lakini umoja ukiwa na daftari kinaandikwa na kutolewa kwenye kodi ya pango bila maneno mengi. Mita zikiongezwa, mwenye nyumba apeleke namba zake kwa wanaokusanya kodi hiyo ili jengo moja lisikatwe mara mbili.

Kuhusu matengenezo, Sheria ya Ardhi ya 1999 haikumwacha mpangaji hewani. Panapopangishwa sehemu tu ya jengo, mwenye jengo ndiye wa kutunza paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu ya majitaka na sehemu za pamoja. Lakini sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, kwa hiyo anayelalamika peke yake anaweza kuongezewa kodi mkataba ukiisha, na dalali ana watu wa kujaza chumba. Barua yenye saini sita ni vigumu kuijibu kwa kupandisha kodi ya mtu mmoja.

Barua hiyo iwe na tarehe, ieleze kitu kimoja kinachoonekana ("bati tatu juu ya korido zimelegea misumari, maji yanaingia kwenye boksi la mita"), itoe siku 14, itengenezwe nakala mbili na mwenye nyumba asaini ya pili. Picha zipigwe kabla ya masika, siyo baada. Asipojibu, wapangaji waende kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu na haliamui. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya uko wazi. Kinachowaangusha wengi huko ni mambo mawili. La kwanza ni mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu, ambao haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe. La pili ni kufungua shauri kwa jina la umoja ambao haujasajiliwa: mbele ya sheria haupo. Wafungue kwa majina yao, au waombe ruhusa mmoja awawakilishe wenzake.

Na kodi isizuiliwe. Mwenye madai ya haki akiacha kulipa, anampa mwenye nyumba shauri zuri kuliko la kwake.

Kwa maghorofa ambayo kila mtu amenunua sehemu yake, Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo tayari inataka wamiliki wawe na umoja wa kusimamia ngazi, paa na uwanja. Uingereza, ambako wakazi wengi wa maghorofa hununua haki ya kukaa kwa miaka mingi huku jengo likibaki la mwingine, sheria ya 2002 inawaruhusu kuchukua usimamizi bila kuthibitisha kosa lolote, mradi angalau nusu ya nyumba zishiriki. Na ukarabati utakaomgharimu mkazi mmoja zaidi ya pauni 250 lazima wakazi waulizwe kwanza. Huko hakuna anayeuita umoja uasi.

Kinachobaki ni ile hofu ya kweli, kwamba mpangaji anahama na fedha za pamoja zinaliwa. Inajibiwa na daftari. Msemaji asiwe mweka hazina, na kodi ya pango isipitie mkononi mwa umoja kabisa. Kwa mita zile mbili, kila chumba kitangulize 106,987, na mkataba uandike kwamba mwenye nyumba atarudisha kwa kupunguza kodi 8,916 kila mwezi kwa miezi 12. Mita ni zake. Anayehama baada ya mwezi wa tano ameshakatiwa 44,580. Salio lake, 62,407, analipwa na anayeingia, na jina linabadilishwa daftarini mbele ya mwenye nyumba, naye anasaini.