Uzima kwanza sawa, ila masikio yaliachwa hadi mwezi wa ngapi?

Kila ikitajwa ishu ya antibayotiki zinazoharibu usikivu kuna jibu moja: "uzima kwanza". Na wanaosema hivyo wala si watu wabaya, wengi ni manesi na madaktari ambao vichanga vimewafia mikononi. Mtoto wa siku 2 mwenye maambukizi kwenye damu hawezi kusubiri, anachomwa ampisilini na jentamaisini, bei nafuu, inapatikana, na inaokoa kweli. Hapo sina ubishi.

Ila njoo kwenye TB sugu. Miaka ile mgonjwa alichomwa kanamaisini, ndugu yake jentamaisini, na mwongozo wa WHO wa 2011 ulitaka sindano ziende angalau miezi 8. Dawa za kundi hili zinaua vile vinyweleo vya sikio la ndani vinavyopokea sauti, na kwa binadamu vikifa havioti tena. Kinachonisumbua ni zinavyoanza, maana zinakula kwanza sauti nyembamba za juu kabisa ambazo kwenye maongezi hatuzihitaji, kwahiyo mtu ameshapoteza na hajui, nesi akimwita anaitika, kwenye faili inaandikwa hana shida. Zikiendelea kushuka ndo zinafika kwenye s, f na sh.

Baba mdogo wangu alianza kulalamika kuna nyenze analia kichwani usiku kucha, akaambiwa ni dawa hiyo, vumilia. Baadae akawa anasema "nakusikia ila sielewi unasema nini", saba na shaba kwake ikawa neno moja, simu anaihamisha sikio la kulia, la kushoto, mwisho anampa mtoto amsikilizie.

Sasa kati ya nyenze na ile simu kuna wiki kadhaa, na ndo muda ninaoulilia mimi. Angepimwa sauti za juu kila mwezi ingeonekana mapema, dozi ikapunguzwa au sindano zikaachanishwa siku. "Uzima kwanza" inajibu saa ya kwanza, mwezi wa tano haiujibu.

Upande wa pili wana hoja nzito pia. Mashine za kupima masikio chache, wataalamu wachache zaidi, na dawa mbadala haikuwepo, ukikatisha TB inarudi na inaambukiza nyumba nzima. Kweli kabisa. Lakini Juni 2018 Afrika Kusini ikatangaza kuweka vidonge vya bedakwilini badala ya sindano, Agosti WHO nao wakasema kanamaisini na sindano nyingine ya TB sugu, kapreomaisini, zisitumike tena. Bedakwilini nayo inataka moyo uangaliwe, sawa, uangaliwe. Amikasini, sindano nyingine ya kundi la kanamaisini, imebaki kwa baadhi ya wagonjwa, kwa sharti kwamba madhara yake yafuatiliwe, na hilo sharti ndo la kuulizia wodini.

Kwa vichanga kule Manchester, Uingereza, walijaribu kipimo cha kufuta ndani ya shavu, majibu dakika 26, kinamtambua mtoto aliyerithi jeni inayofanya dozi moja tu iweze kumfanya kiziwi, kama mtu 1 kati ya 500, na jentamaisini haikucheleweshwa. Ila asiye na jeni hiyo naye dozi ndefu inamharibu, kwahiyo bado kuna kupima uzito vizuri, kuangalia figo, kusitisha mapema vipimo vikionyesha hana maambukizi, na kumrudisha apimwe masikio akishatoka.

Baba mdogo TB alipona. Siku hizi tukikaa barazani anachagua kiti cha kukutazama mdomo, na giza likiingia anaaga mapema.